Sheria Iliyolala

Ukizipita nchi zote zinazojulikana ukasogea mbele kidogo, pale ambapo wachora ramani huweka picha ya dira kwa kukosa la kuandika, ndipo ilipo Jamhuri ya Nyamazia. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, na ina Rais aliyeingia madarakani akiwa kijana mwenye nywele nyeusi tii. Na nywele hizo ni nyeusi tii mpaka leo. Nayasimulia ya huko bila nia mbaya, maana nchi hiyo haina undugu wowote na ya kwenu.

Wanyamazia wana Sheria ya Kufuru. Hawakuitunga wao. Ililetwa na gavana mmoja wa kigeni, mtu wa ndevu nyekundu, aliyechukizwa na jinsi wapagazi wake walivyomtaja Mungu kila walipokiinua kinanda chake. Siku ya uhuru gavana aliondoka na kinanda, akaiacha sheria. Huko kwao wenyewe waliifuta zamani. Wanyamazia walibadili majina ya barabara, wakabadili sare za polisi, lakini sheria wakaibakiza, kama mtu aliyerithi kabati kubwa lisilopita mlangoni.

Alipotokea wa kuulizia, Waziri wa Sheria alisimama bungeni akakohoa kidogo. "Mheshimiwa Spika, sheria hii imelala. Haijamgusa mtu. Na mtu mwenye adabu zake hamwamshi aliyelala ili amwambie endelea kulala."

Wabunge walipiga meza. Mmoja aliwahi kuuliza kwa nini basi isifutwe. Akaelezwa kwa upole kwamba kuifuta ni kutangaza kuwa kufuru ni ruksa, na kutangaza kuwa kufuru ni ruksa ni kufuru. Mbunge yule aliomba radhi, akakaa.

Sasa, katika mtaa mmoja wa mji mkuu aliishi Mzee Feruzi, karani mstaafu wa mahakama. Hakuwa mtu mbaya. Hilo niliseme mapema. Alikuwa na mashati meupe ya enzi za kazi, na ingawa hakuwa tena na pa kuyavalia, aliyafua, akayaanika, akayapiga pasi, akayatundika. Ukuta kwa ukuta naye aliishi Sikudhani, mjane aliyekaanga vitumbua nje ya nyumba yake na kumlea mama yake mzazi, Bi Kidawa, ambaye macho yalikuwa yamemwisha. Vitumbua vilikuwa vitamu. Moshi wake ndio uliokuwa na tatizo: ulipanda, ukafikiri, kisha ukaenda moja kwa moja kwenye kamba ya Mzee Feruzi.

"Sikudhani! Moshi wako huo!"

"Shikamoo, Mzee Feruzi. Ni upepo, si mimi."

"Basi hamisha jiko."

"Nilihamishie wapi, baba? Ikulu?"

Majirani walicheka. Mzee Feruzi hakucheka.

Mwaka huo mvua ilikuja kabla ya wakati wake, na kwa hasira. Ilibomoa kibanda cha vitumbua cha Sikudhani, ikasomba mabati, ikaugeuza unga wake uji. Asubuhi mwanamke yule alisimama katikati ya tope, mikono kichwani, akatazama juu.

"Huyu Mungu naye amezeeka!" akasema. "Haoni tena anakomwagia. Si astaafu tu akapumzike!"

Wanawake waliokuwa wakimsaidia kuokota mabati waliangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha wakaendelea kuokota. Hakuna radi iliyopiga. Kwa yote yaliyoonekana, mbinguni walikuwa wamelielewa neno lile kama lilivyosemwa.

Lakini Mzee Feruzi alikuwa dirishani.

Pengine yangeishia hapo. Ila baada ya kibanda kubomoka, sehemu pekee iliyobaki kavu ilikuwa chini ya ukuta wa Mzee Feruzi, na Sikudhani akaliweka jiko lake pale. Shati la kwanza lililotolewa kambani siku hiyo lilinuka mafuta. Mzee Feruzi alilivaa hivyo hivyo liwe ushahidi, akaenda kituo cha polisi.

"Moshi si kosa, mzee," alisema Koplo Mgaya. "Hata sisi hapa tunapikia kuni."

Angeweza kurudi nyumbani. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Lakini mtu aliyefanya kazi mahakamani miaka mingi hapendi kuambiwa na koplo kwamba hana kesi.

"Na kufuru je?" akauliza. "Kufuru ni kosa, au nayo si kosa?"

Koplo hakuwahi kusikia. Mzee Feruzi akamtajia sheria, kifungu na adhabu, kwa kichwa, bila kukosea. Kisha akamweleza aliyoyasikia dirishani. Koplo Mgaya alisimama wima bila kujua kwa nini.

"Sina nia ya kumtesa," Mzee Feruzi aliongeza, maana uso wa koplo ulikuwa umemtia wasiwasi. "Mtishe kidogo tu. Ahamishe jiko, yaishe."

"Usiwe na shaka, mzee."

Kumbe ndani ya serikali ya Nyamazia kulikuwa na Idara ya Kulinda Heshima ya Mwenyezi, yenye mkurugenzi, naibu mkurugenzi, gari na dereva. Haikuwahi kupata kazi tangu iundwe, na juma lile lile ilikuwa imeambiwa itavunjwa. Mkurugenzi alipopigiwa simu kutoka kituoni, alishukuru kwa sauti, akamshukuru huyo huyo aliyevunjiwa heshima.

Walikuja mchana kweupe. Magari mawili, la Idara na la polisi, askari wenye glovu nyeupe, na mkurugenzi mwenyewe. Mzee Feruzi aliusikia mlango wa jirani ukigongwa, akasogeza pazia. Alitazamia kuona koplo mmoja na maneno makali.

"Kosa langu nini?" Sikudhani alikuwa akiuliza, mikono imejaa unga wa mchele.

"Kosa lako halitajiki," mkurugenzi alijibu. "Tukilitaja tutakuwa tumelitenda."

Walipomwingiza garini, Sikudhani aligeuka, akatafuta uso wa mtu anayemfahamu. Akauona dirishani.

"Mzee Feruzi! Jirani yangu! Niangalizie mama!"

Mzee Feruzi aliitikia kwa kichwa.

Ndani, mkewe Mwasiti alikuwa akikunja mashati. "Ulitaka moshi uondoke," alisema bila kuinua macho. "Haya. Umeondoka."

*

Kesho yake, kabla koplo hajamaliza chai, Mzee Feruzi alikuwa kituoni.

"Nimekuja kufuta malalamiko yangu."

"Malalamiko yapi, mzee?"

"Ya Sikudhani. Nimemsamehe."

Koplo Mgaya alimtazama kwa huruma. "Wewe umsamehe kama nani? Aliyekosewa siyo wewe. Aliyekosewa aje mwenyewe hapa kaunta aseme amesamehe, tumwachie hata sasa hivi."

"Basi andika kwamba nilisikia vibaya. Hakukufuru."

"Angalia ulimi wako, mzee wangu." Koplo alishusha sauti. "Ukisema maneno yale si kufuru, maana yake unasema ni maneno ya kawaida. Yaani unakubaliana nayo. Nitakuweka ndani na wewe."

Mzee Feruzi alisimama pale kaunta. Ilikuwa rahisi sana: sentensi moja tu, naye angewekwa ndani. Aliifikiria. Kisha akaaga, akarudi nyumbani, na njia nzima alijiambia kwamba akifungwa na yeye, mama wa watu ataangaliwa na nani.

Maana Bi Kidawa alikuwa kweli mikononi mwake. Majirani waliogopa hata kulipita lile dirisha lake kwenda kwa bibi, wasije wakahesabiwa miongoni mwa waliocheka siku ya mvua. Kwa hiyo kila alfajiri Mzee Feruzi, ambaye hakuwahi kupika maishani, aliliweka mekoni sufuria dogo la Bi Kidawa, akakoroga uji, akampelekea. Siku za kwanza ulikuwa na mabonge. Bi Kidawa aliunywa na mabonge yake, akapapasa mpaka akaupata mkono wake, akaushika kwa mikono miwili.

"Mwanangu Feruzi," alisema, "Mungu akulipe kila ulichotutendea. Asikubakizie hata kimoja."

Mzee Feruzi alijaribu kuuvuta mkono. Bi Kidawa hakuuachia upesi.

*

Kesi ilisikilizwa katika ukumbi mkubwa, chini ya picha ya Rais, watu wakiwa wamejaa hadi madirishani. Ugumu ulijitokeza mapema. Maneno aliyoyasema mshtakiwa hayakuruhusiwa kutamkwa, wala kuandikwa, wala kuashiriwa kwa mkono. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye miwani na bidii, alisimama akasema kwamba mshtakiwa, siku fulani, mahali fulani, alisema jambo fulani.

"Jambo gani?" Hakimu akauliza.

"Mheshimiwa, nikilisema nitahitaji mwendesha mashtaka."

Hakimu aliona ni kweli. Tarishi wa mahakama akaamriwa kutoka mlangoni kumwita mlalamikaji, kama utaratibu unavyotaka. Akatoka, akaita kwa sauti kubwa kuelekea barabarani, kisha akafikiri, akaita kuelekea juu. Akarudi.

"Hajaitikia, Mheshimiwa."

"Mahakama inamchukulia kuwa yupo," alisema Hakimu, na watu wote wakanyanyuka kidogo kwenye viti vyao kwa heshima.

Ndipo akaitwa Mzee Feruzi. Alikuwa amevaa shati jeupe kuliko yote. Sikudhani alipomwona anakwenda kizimbani alitabasamu, akidhani amekuja kumtetea. Alikuwa ameambiwa kwamba kuna shahidi, lakini hakuambiwa ni nani.

"Shahidi," mwendesha mashtaka alianza, "bila kuyataja maneno, unathibitisha kwamba uliyasikia?"

Mzee Feruzi alitazama chini.

"Jibu, mzee," Hakimu alimhimiza. "Ndiyo au siyo."

Ninyi mnaosoma mmekaa mahali penu salama, na labda kila mmoja anajua angejibu nini. Mzee Feruzi naye, njiani, alikuwa anajua. Alikuwa ameizoeza midomo yake neno "siyo" tangu alipoamka. Lakini mkurugenzi alikuwa amekaa mbele na naibu wake, na askari wenye glovu nyeupe walikuwa mlangoni, na nyuma ya Hakimu Rais alimtazama kwa nywele zake nyeusi.

"Ndiyo," alisema Mzee Feruzi, kwa sauti ndogo kiasi kwamba aliombwa arudie. Akarudia.

Tabasamu la Sikudhani halikutoweka ghafla. Lilikaa pale usoni muda kidogo, kama mtu aliyesahau kuzima taa, halafu likaondoka.

"Mshtakiwa, una la kusema?"

"Ninalo," alisema Sikudhani. "Mnazunguka nini? Nilisema Mungu amezeeka, astaafu akapumzike. Mvua ilinibomolea kibanda. Nilikuwa naongea na Mungu wangu, na Yeye amenizoea. Nyinyi ndio hamjanizoea."

Ukumbi ulishikwa na baridi. Lakini jambo la ajabu ni kwamba neno "Mungu" lilipita bila kumgusa mtu. Neno lililompausha Hakimu ni "astaafu". Aligeuka taratibu akaitazama ile picha nyuma yake, kisha akamtazama mkurugenzi, naye mkurugenzi akatazama viatu vyake. Nchini Nyamazia wanastaafu makarani. Juu ya hapo neno hilo halitumiki, na kumwambia mzee yeyote mwenye mamlaka apumzike ni jambo linaloweza kueleweka vibaya na watu wenye akili.

"Mahakama imesikia vya kutosha," Hakimu alisema kwa haraka. "Kifungo. Hadi hapo aliyekosewa atakapotoa msamaha kwa maandishi."

Idara haikuvunjwa. Ilipewa gari la pili. Mzee Feruzi aliitwa jukwaani siku ya sikukuu ya taifa, akavishwa nishani ya Mlinzi wa Heshima, na bendi ikapiga. Wananchi walipiga makofi. Mwasiti hakwenda, alisema anaumwa kichwa. Mzee Feruzi aliporudi aliikuta kamba yake ya nguo imejaa mashati meupe, meupe kweli, hayana hata harufu ya moshi. Aliyaanua yote, akayaingiza sandukuni yakiwa bado na unyevu.

*

Baadaye wakaja wageni kutoka nje, watu wa mashirika, wakauliza habari za sheria ya kufuru. Waziri wa Sheria aliwapokea kwa maji ya madafu.

"Sheria hiyo imelala," aliwaambia. "Katika nchi yetu hakuna hata mfungwa mmoja wa kufuru."

Na kwa kuwa Waziri hawezi kusema uongo, ikabidi Nyamazia nzima iharakishe kuyafanya maneno yake kuwa kweli. Jina la Sikudhani liliondolewa gerezani. Siku hiyo hiyo alikuja mtu kwa Mzee Feruzi, akaiomba ile nishani kwa adabu, akisema imegundulika kwamba kesi haikuwahi kuwapo.

Mzee Feruzi alifurahi. Alidhani Sikudhani anarudi. Alingoja. Alipochoka kungoja alibeba chakula akaenda gerezani.

"Mfungwa huyo hayumo," askari wa mlangoni alimwambia.

"Ametoka lini?"

"Hakutoka. Hakuwahi kuingia."

Na wakati huo huo, nyuma ya ukuta, mtu alikohoa. Mzee Feruzi aliishi jirani na kikohozi kile kwa miaka, kikohozi cha mtu wa mekoni. Alikijua kama anavyoijua sauti ya mkewe.

Alikwenda kwa Waziri. Alingoja kwenye benchi mpaka makatibu wakamzoea, na hatimaye akaingizwa.

"Mheshimiwa, yumo. Nimemsikia."

"Mzee wangu," Waziri alisema, na alikuwa mtu mpole kwelikweli, "hebu tufikiri pamoja. Mtu hufungwa kwa sheria. Sheria hii haitumiki. Kwa hiyo hakufungwa. Sasa nimtoe vipi mtu ambaye hayumo? Nikitia sahihi atoke, nimekiri kwamba aliingia."

"Basi nifungeni mimi. Ni mimi niliyemshtaki. Mimi ndiye mkosaji."

"Mkosaji wa nini? Hakuna kilichotokea." Waziri alisimama, akamshika bega. "Nenda nyumbani ukapumzike. Una dhamiri safi kuliko watu wengi hapa nchini, serikali inakuhakikishia."

Mzee Feruzi alitoka akiwa hana hatia kisheria. Alikaa kwenye ngazi za wizara, na watu waliokuwa wakipita walimzunguka kama maji yanavyolizunguka jiwe. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya magari alilia. Na alipomaliza kulia, karani aliyekuwa ndani yake, yule yule aliyemtajia koplo kifungu kwa kichwa, akaanza kufikiri.

Alirudi gerezani akaomba kumwona Mkuu wa Gereza. Huyu alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akimpa mwanamke asiyekuwemo sehemu ya chakula chake mwenyewe, kwa kuwa asiyekuwemo hana posho.

"Afande," alisema Mzee Feruzi, "mfungwa akitoka bila amri, si ametoroka?"

"Ametoroka."

"Na asiyekuwemo akitoka?"

Mkuu wa Gereza aliweka kalamu chini.

"Hesabu yako ya wafungwa itapungua?" Mzee Feruzi akauliza tena.

"Haiwezi kupungua. Hakuhesabiwa."

"Kuna atakayekuuliza?"

"Atakayeniuliza atakuwa amekiri," alisema yule mama taratibu. Alitazama dirishani. Kisha akachukua funguo zake, akaenda nazo. Aliporudi alikuwa amefuatana na mtu. "Hapa pana mtu simjui," aliwaambia askari wa mlangoni kwa ukali. "Anazurura gerezani bila ruhusa. Mtoeni nje!"

*

Sikudhani alikuwa amekonda, kanga ilimzunguka mara nyingi kuliko zamani. Walishika njia ya nyumbani. Mzee Feruzi alikuwa nyuma kidogo, amembebea kifurushi chake.

"Mama mzima?" Sikudhani aliuliza mwishowe.

"Mzima. Anakusubiri."

"Anakula?"

"Anakula. Nampikia."

Sikudhani aliitikia kwa kichwa. "Siku ile ya kesi nilijua walikulazimisha," alisema. "Nilijiambia, mzee wa watu wamemtoa nyumbani kwa nguvu. Kule ndani nimeishi na hilo."

Alikuwa amepewa mlango, Mzee Feruzi, na safari hii pia ulikuwa wazi. Hakuna mtu angejua. Koplo alikuwa amehamishiwa mbali, na kesi yenyewe haikuwahi kuwapo.

"Hawakunilazimisha," alisema. "Mimi ndiye niliyekwenda polisi. Kwa miguu yangu. Kwa ajili ya mashati."

Sikudhani alisimama. Alimtazama, na Mzee Feruzi akangoja apigwe, au atukanwe, au laana imshukie. Angeyapokea yote kwa shukrani.

"Mashati," alisema Sikudhani.

"Mashati. Nilitaka wakutishe kidogo tu. Sikudhani, nisa..."

"Nipe kifurushi changu."

Alikichukua, akatangulia. Hakutazama nyuma hata alipokata kona.

Jioni ile, upande wa pili wa ukuta, Mzee Feruzi na mkewe walisikia sauti ya Bi Kidawa ikilia, ikicheka, ikilia tena, ikimtaja Mungu kwa majina yote anayoyajua. Mwasiti alisimama, akavaa kanga, akaenda kuwapongeza. Mzee Feruzi alibaki.

Asubuhi mlango uligongwa. Mzee Feruzi aliuendea mbio, vidole vyake vikiwa na unga, maana uji ulikuwa tayari mekoni. Sikudhani alikuwa amesimama kizingitini.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kuchukua sufuria la mama."

"Uji wake huu hapa, umeiva. Siku hizi hauna mabonge. Ngoja nikupe uende nao."

"Mwaga kwenye chombo chenu. Nataka sufuria."

Mzee Feruzi aliumimina uji kwenye bakuli kwa haraka, mwingine ukamwagika mezani. Aliliosha sufuria vizuri, akalisugua hata masizi ya nje, akalifuta kwa shati lililokuwa karibu. Akampa.

"Sikudhani," alisema, "niambie lolote. Hata ukiniambia hutonisamehe milele, niambie."

Sikudhani aliligeuza sufuria, akalitazama ndani kama liko safi.

"Mzee Feruzi," alisema, "mimi nimekuja kuchukua sufuria."

Akaondoka. Mwasiti alipoingia jikoni alimkuta mumewe amekaa mbele ya bakuli la uji wa Bi Kidawa, anaunywa taratibu, wote, mpaka mwisho, ingawa ulikuwa umeshapoa.